Safari ya Iten: Mvumilivu ni yupi?

Ikiwa hujawahi kufika Iten, msomaji, hebu fuatana nami Jumapili hii, na usiwe na wasiwasi, nauli ni juu yangu. Tutapanda matatu jijini Nairobi kabla jua halijachomoza, tupite Nakuru, tupande milima ya Timboroa ambako baridi hupenya hata koti la sufu, na baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 310 tushukie Eldoret. Hapo tutabadilisha gari. Kutoka Eldoret hadi Iten ni kilomita zisizozidi 40. Barabara ya lami inapita karibu na Chuo Kikuu cha Eldoret, kisha inaingia katika mashamba ya mahindi na malisho ya ng'ombe na kondoo, ikipanda polepole kiasi cha kwamba abiria hatambui kuwa anapanda. Utatambua ukishuka garini na kujaribu kubeba begi lako kwa haraka. Mapafu yatakuuliza unakimbilia wapi.

Mji wenyewe uko mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari, ukingoni kabisa mwa genge la Elgeyo. Kabla ya kuuingia utapita chini ya lango lililojengwa juu ya barabara, lenye maandishi ya Kiingereza yanayomkaribisha mgeni nyumbani kwa mabingwa. Wageni wengi husimama hapo wapigwe picha. Sisi hatukusimama.

Nasema sisi kwa kuwa sikuwa peke yangu. Ilikuwa likizo ya Aprili, na pembeni mwangu alikuwa ameketi mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu mkubwa, kijana wa miaka 17, mrefu, mkimya, na magongo mawili ameyalaza mapajani kama mvuvi aliyebeba makasia.

Hebu nikueleze tulivyofika hapo.

Kijana huyu hukimbia mita 800. Alianza mchezo huo akiwa shule ya msingi mtaani kwetu, na alipoingia shule ya upili akawa habari ya ukoo mzima. Katika muhula wa kwanza alishinda mashindano ya kaunti ndogo, akashinda ya kaunti, na simu zikaanza kulia. Kulikuwa na bwana mmoja anayewatafutia vijana nafasi katika vyuo vya Marekani, ambaye alisema angekuja mwezi wa Mei kuwatazama wakimbiaji kadhaa, na jina la mpwa wangu lilikuwa katika orodha yake. Kaka yangu, ambaye hana mazoea ya kukopa, alikopa pesa akamnunulia mtoto njumu mpya.

Kisha siku moja kijana alishindwa kupanda ngazi za bweni. Picha ya eksirei ikaonyesha ufa katika mfupa wa muundi. Daktari akaandika wiki nane bila kukimbia.

Wiki nane, msomaji! Ukihesabu vizuri utaona kuwa Mei ilikuwa imemezwa yote. Kocha wa shule alipiga simu mara mbili kuuliza kama hakuna namna. Kaka yangu naye alikuwa amesikia habari za sindano inayoua maumivu ili mchezaji akimbie hata kama ameumia. Usiku huo alinipigia simu.

"Dadangu, wewe ni mwandishi, unawajua watu wa michezo. Mpeleke Iten. Wale ndio wenye mbio, hawawezi kukosa dawa ya haraka."

Ndiyo safari tuliyokwenda. Tulifuata dawa ya haraka.

MASWALI MAWILI

Asubuhi ya pili tuliamka saa kumi na moja na nusu. Baridi ya Iten alfajiri haina mzaha, lakini anayetaka kuuona mji huo sharti auone saa hiyo. Kwanza husikii kitu. Halafu unasikia sauti kama ya mvua inayokaribia, na kabla hujatafuta mwavuli wanatokeza gizani watu thelathini, arobaini, hatua zao zikilingana, pumzi zikitoka kama moshi wa chungu. Wanapita. Vumbi jekundu linabaki hewani. Baada ya dakika chache linakuja kundi jingine, la wasichana. Siku za Alhamisi, wanapofanya mazoezi ya kubadilisha kasi, kundi moja huweza kuwa na watu zaidi ya mia moja, Wakenya na wageni kutoka nchi za mbali.

Mpwa wangu aliketi juu ya jiwe kando ya barabara, magongo miguuni, akitazama. Sikuthubutu kumwangalia usoni.

Jambo lililonishangaza ni kwamba hakuna aliyemwonea huruma. Nairobi kila aliyemwona alisema "pole sana" na kutikisa kichwa kama aliye matangani. Iten wakimbiaji waliokuwa wamemaliza mazoezi walimjia mmoja mmoja, wakimwamkua "Chamgei", na kila mmoja aliuliza maswali mawili tu. Swali la kwanza lilikuwa: unaumia wapi? La pili: ulikimbia nalo jeraha siku ngapi?

Swali la kwanza alilijibu kwa kidole. La pili alilijibu harakaharaka, "Siku mbili tatu," kisha akatazama kando.

Wao hawakumbishia. Walitazamana tu.

Nikaanza kuangalia barabara kwa jicho jingine. Kumbe miongoni mwa wale wanaokimbia walikuwapo pia wanaotembea. Mmoja alikuwa na bandeji gotini. Msichana mmoja alikuwa akisukuma baiskeli mlimani. Mwingine alikuwa akinyoosha mguu ukutani mwa duka, polepole, kama anayesali. Katika mji wenye wakimbiaji wengi namna hiyo, kila siku kuna walioumia, na Iten imewazoea kama vile mji wa bandari unavyozoea meli zinazotengenezwa.

HAKUNA DAWA YA HARAKA

Tulielekezwa kwa tabibu wa viungo anayewahudumia wakimbiaji katika chumba kimoja nyuma ya maduka. Ndani mlikuwa na kitanda chembamba, mipira ya kunyooshea misuli, na picha ya mifupa ya binadamu iliyobanduka pembe. Alisoma karatasi ya daktari, akaitazama picha ya eksirei dirishani, akamwambia kijana aonyeshe kwa kidole kimoja mahali panapouma. Kijana akagusa mahali padogo kama sarafu.

Nilimweleza tulichofuata. Alicheka kidogo, si kwa dharau, akasema kuwa kama dawa ya haraka ingekuwako, wakimbiaji wa Iten wangekuwa wameinunua yote, wasituachie sisi wa Nairobi hata tone.

Kisha akatueleza jambo ambalo nadhani kila mzazi mwenye mtoto mwanamichezo angefaidika kulisikia. Mfupa si mti mkavu. Ni kitu hai. Kila mtu anapokimbia, mfupa hupata michubuko midogo isiyoonekana kwa macho, na anapolala na kula vyema mwili huiziba, na mfupa huwa na nguvu kuliko awali. Shida huja pale mazoezi yanapoongezwa kwa ghafla, au usingizi unapopungua, au chakula kinapokuwa haba, hata michubuko ikawa mingi kuliko kazi ya kuiziba. Hapo mfupa huanza kulia. Mwanzoni hulia kidogo, mwisho wa mazoezi tu. Baadaye hulia tangu hatua ya kwanza. Hatimaye hulia hata usiku kitandani.

Mkimbiaji akisimama mfupa unapoanza kulia, huenda akapumzika wiki chache tu akapona. Akiendelea, ule uchovu wa mfupa huwa ufa, na ufa ukipuuzwa unaweza kuwa mvunjiko kamili. Na eksirei isikudanganye, kwa kuwa katika wiki mbili tatu za kwanza ufa wa namna hiyo mara nyingi hauonekani pichani. Mzazi huambiwa hamna kitu, akarudi nyumbani akimwona mtoto mvivu.

Kwa vijana kuna jambo la ziada. Karibu na ncha za mifupa yao mna sehemu laini ambazo ndizo zinazorefusha mwili, na sehemu hizo hazijawa ngumu mpaka ujana unapokaribia kwisha. Kumfanyisha mtoto wa miaka 15 mazoezi ya mtu wa miaka 25 ni kuezeka mabati juu ya ukuta ambao saruji yake haijakauka. Kwa mabinti, alisema tabibu, mzazi asione haya kuuliza. Binti anayekimbia sana na kula kidogo, hata akakosa hedhi miezi kadhaa, mifupa yake iko hatarini, na hilo ni la kumpeleka kwa daktari upesi, si la kufurahia eti mwili umekuwa mwepesi.

Nikamuuliza kuhusu sindano. Akanyamaza kitambo. Maumivu, alisema, ni mlinzi wa lango. Ukimlaza mlinzi usingizi, mwizi haondoki kwa sababu hiyo.

MITI YA MABINGWA

Mchana tulikwenda hadi Shule ya Upili ya St Patrick's, mwendo mfupi kutoka barabara kuu. Kwa mgeni ni shule kama shule nyingine, ila mna miti iliyopandwa na wanariadha waliopitia hapo wakawa mabingwa, kila mti na jina la aliyeupanda. Mpwa wangu alitoka mti hadi mti kwa magongo yake, akisoma majina kwa sauti ya chini. Peter Rono, aliyeshinda mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988. Matthew Birir, bingwa wa kuruka viunzi na maji kule Barcelona mwaka wa 1992.

Mwaka wa 1976 alifika shuleni hapo mwalimu wa jiografia kutoka Ireland, Bradha Colm O'Connell, ambaye hakuwa amewahi kusomea ukocha wa riadha. Alikuja kwa muda mfupi, akabaki maisha. Anasifika kwa kutowakimbiza vijana kupita kiasi. Wageni waliotarajia kuona mateso walimkuta akiwafunza wanafunzi wake namna ya kuinua goti, kushika mikono na kutua mguu, mazoezi mepesi yasiyotoa jasho jingi.

Mikononi mwake alipita David Rudisha, aliyesoma katika shule nyingine papa hapa Iten. Sote tunaikumbuka siku ile ya Agosti 2012 mjini London, Rudisha alipoongoza mita 800 tangu mwanzo hadi mwisho na kumaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Lakini hebu tusome maisha yake kwa kalamu nyingine. Mwaka wa 2006, akiwa na miaka 17, alikuwa bingwa wa dunia wa chipukizi. Mwaka wa 2008, vijana wa rika lake walipokwenda Olimpiki Beijing, yeye alikosa kwa sababu ya jeraha. Mwaka wa 2013 goti lilimzuia kutetea taji lake la dunia kule Moscow. Alingoja. Mwaka wa 2015 akalirudisha taji hilo Beijing, na mwaka wa 2016 akashinda tena Olimpiki, mjini Rio. Kama angalilazimishwa kukimbia kwa goti bovu mwaka ule wa Moscow, nani ajuaye kama kungalikuwa na Rio?

Sikufichi kwamba kungoja hakurudishi kila kitu. Baada ya 2017 majeraha yalimweka Rudisha nje ya mashindano, na mwaka wa 2020 alivunjika kifundo cha mguu akitembea tu nyumbani kwao. Mary Keitany, ambaye barabara hizi za Iten zilimlea akashinda London mara tatu na New York mara nne, aliumia mgongo mwaka wa 2019. Alipumzika, akadhani amepona, akirudia mazoezi mazito maumivu yanarudi. Mwaka wa 2021 alitangaza kustaafu. Hakuna mwanadamu aliyeahidiwa mguu wa milele.

Nilimwona mpwa wangu amesimama mbele ya mti mmoja kwa muda mrefu. Nikamuuliza anafikiri nini.

"Shangazi, hawa wote waliumia?"

"Sijui kama ni wote. Lakini nadhani ni wengi."

"Mbona hatuambiwi?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni mwandishi wa habari, na swali hilo lilinihusu.

MWENYE DUKA

Jioni tuliingia hoteli moja ndogo kunywa chai. Mwenye duka la karibu, mtu wa makamo, alituona na magongo akaja kuketi nasi. Kama ilivyo desturi ya Iten, naye aliuliza: wapi, na siku ngapi?

Alikuwa mkimbiaji zamani. Kano ya kisigino ilianza kumuuma akiwa na miaka 19, akaificha mwaka mzima kwa kuwa alikuwa katika kambi iliyomlisha bure, na asiyekimbia alirudishwa kwao. Siku kano ilipokatika alisikia mlio, akageuka nyuma akidhani amepigwa jiwe.

Nilitarajia alaani kisigino chake. Hakufanya hivyo. Alichojutia ni kingine. Aliacha shule kidato cha pili ili apate muda wa mazoezi, kwa hivyo kisigino kilipokatika hakikukata mbio peke yake, kilikata kila njia. Ilimchukua miaka kumi, akifanya vibarua vya shambani na kuendesha bodaboda, kupata mtaji wa duka lile.

"Kijana," alimwambia mpwa wangu, "Mungu amekupa miguu miwili. Mmoja ukimbie nao, mwingine usome nao. Usiifunge yote kwa kamba moja."

Maneno hayo yamekuwa na ushahidi katika sehemu hizi. Mike Boit, mzaliwa wa Bonde la Ufa aliyenyakua nishani ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka wa 1972, alisoma mpaka akawa profesa wa chuo kikuu. Mwaka wa 2004 yeye na mwandishi Mmarekani John Manners walianzisha mradi uitwao KenSAP, wa kuwasaidia wanafunzi hodari wa masomo kutoka Bonde la Ufa kuingia vyuo vikuu vya Marekani. Waombaji walipimwa pia kwa mbio za mita 1,500, lakini ni alama za mtihani zilizowafungulia mlango wa kwanza. Wengi wa waliokwenda kwa njia hiyo hawakuwa na haja ya kuogopa kwamba kisigino kikikatika, chuo nacho kimekatika.

UKINGONI MWA GENGE

Siku ya mwisho tulikwenda mahali ambapo Iten inaishia. Ukifika huko, msomaji, shikilia kofia yako. Ardhi inakatika ghafla mbele ya miguu, na chini, zaidi ya mita 1,000, limetandazwa Bonde la Kerio, la rangi ya kahawia na kijani, lenye joto linalokuza maembe ilhali wewe juu umevaa sweta. Ng'ambo ya bonde ni vilima vya Tugen, katika kaunti ya Baringo. Huko alizaliwa Paul Tergat. Mwaka wa 1992 jeraha lilimkosesha mbio za nyika za dunia mjini Boston. Kuanzia mwaka wa 1995 hadi 1999 alizishinda mbio hizo mara tano mfululizo.

Nilimsimulia mpwa wangu hayo huku nikimwonyesha vile vilima kwa kidole. Alisikiliza. Halafu, bila kugeuka, akasema:

"Shangazi, si siku mbili tatu. Ni siku kumi na tisa."

Nilinyamaza.

"Uliniuma tangu kabla ya mashindano ya kaunti. Nilikuwa nikiufunga kwa kitambaa usiku ili wenzangu wasione."

"Kwa nini hukusema?"

Alichora ardhini kwa ncha ya gongo. "Baba alikuwa amekopa pesa za njumu. Na wewe ulinitumia ujumbe."

Nikauliza ujumbe gani, ingawa nilikuwa nimekwisha kuukumbuka. Usiku wa kuamkia mashindano ya kaunti aliniandikia kwamba anahisi uchovu kidogo mguuni. Nilikuwa na kazi nyingi ofisini. Nilimjibu kwa maneno matatu ambayo kila mtoto wa Kenya ameyaandika katika insha: Mvumilivu hula mbivu.

Msomaji, nimekuwa nikiitumia methali hiyo tangu utotoni, na sikuwahi kuitazama usoni. Mtu anayesubiri ndizi iive hafanyi kitu cha kishujaa. Hakazi meno. Hapigi mkungu fimbo ili uharakishe. Anaiacha ndizi na siku zake. Huo ndio uvumilivu wa wahenga, wa kungoja. Sisi tumeugeuza kuwa uvumilivu wa kuumia kimya, kisha tukawapa watoto kama zawadi. Kijana aliniambia anaumia, nami nikamwamuru, kwa lugha tamu ya wazee, anyamaze. Alinyamaza siku kumi na tisa. Kama angesema siku ya pili, huenda hata hiyo Mei ingekuwa yake.

Swali la watu wa Iten sasa lilinielea. Hawakuwa wakiuliza siku ngapi ili wamlaumu mtoto. Siku hizo ndizo zinazopima ukubwa wa jeraha, na pia zinapima ni watu wa namna gani wanaomzunguka.

Nilimpigia kaka yangu simu papo hapo, upepo wa bonde ukipuliza.

"Kaka, dawa ya haraka hakuna."

"Huko Iten kote?"

"Huko Iten kote. Na kuna jambo jingine anataka kukwambia mwenyewe."

Nikampa mtoto simu, nikaenda kusimama mbali kidogo. Sikusikia walichosema. Nilimwona tu akitikisa kichwa mara kadhaa, halafu akifuta uso kwa mkono wa sweta. Aliponirudishia simu, kaka yangu alikuwa bado yuko. Alisema taratibu kwamba deni la njumu ni lake, si la mtoto, na kwamba angemwambia hivyo vizuri tukifika nyumbani.

BAADA YA MEI

Ningependa kukuambia kuwa yule bwana wa vyuo vya Marekani alisubiri. Hakusubiri. Alikuja Mei, akawatazama waliokuwa na miguu mizima, akachagua wawili, akaenda zake. Mpwa wangu alikuwa jukwaani na magongo yake akiwashangilia. Jeraha lilikuwa limekata njia ile, na hakuna maneno mazuri ya kulifunika hilo.

Lakini njia nyingine hazijakatwa. Wiki nane zilipokwisha daktari alimruhusu kutembea haraka, kisha kukimbia dakika moja na kutembea mbili, kisha kuongeza kidogo kidogo. Wakati wa kungoja alijifunza kuogelea, ambako hakugusi mfupa ila mapafu yanafanya kazi, na usiku ambao zamani alikuwa akilala kwa uchovu wa mazoezi ulimpa nafasi ya kurudia hesabu zake. Alama zake za muhula wa pili zilipanda. Sijui kama atakuwa Rudisha. Yeye mwenyewe hajui, na nimegundua kuwa kutojua huko hakumnyimi usingizi kama zamani.

Kwako wewe mzazi, na wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, sina mengi. Maumivu ya kidole kimoja, yaani yale unayoweza kuyaonyesha mahali pake hasa, si uvivu. Maumivu yanayokuja hata ukitembea, au yanayokuamsha usiku, ni ya daktari. Mtoto akikwambia anaumia, usimjibu kwa methali. Muulize yale maswali mawili ya Iten, na uhakikishe kuwa jibu la kweli halitamgharimu chakula, wala mapenzi yako.

Juzi jioni nilikuwa bado ofisini, kazi zimenizidi kama kawaida, simu ikalia. Alikuwa yeye.

"Shangazi, leo mguu umeuma kidogo. Si pale pa zamani, ni juu ya goti. Nimemwambia kocha, nimepumzika."

"Siku ngapi?" nikauliza.

"Leo tu."

Nikaweka kalamu chini. Kwa muda mrefu sijapokea habari njema kama hiyo.